Vilengeo Vinavyotazama Mbele

Nchi ninayoisimulia hapa haiko popote, na msomaji akihisi anaifahamu, basi ameifahamu vibaya na akapime macho. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko wa jirani yeyote, na ina Sheria ya Mgongo. Jina lake silitaji kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa ikisubiri kibali cha kufunguliwa.

Nianze na hiyo Sheria ya Mgongo, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Kiongozi wetu wa pili alipiga picha na baraza lake. Yeye aliketi kwenye kiti, mawaziri wakasimama nyuma yake wakitabasamu. Picha ilipotoka gazetini, kiongozi alikuwa ameshapinduliwa, na waliompindua ni walewale waliosimama nyuma. Kiongozi wa tatu, ambaye kwenye picha ile alikuwa wa nne kutoka kushoto, aliijua vizuri hatari ya mahali pale. Sheria ya kwanza aliyoitia saini ilisema kwamba ni marufuku mtu yeyote kusimama nyuma ya kiongozi, au nyuma ya mtu aliyeshika chombo cha dola, yaani silaha ya serikali.

Tangu hapo tumekaa kwa amani. Vinyozi wa viongozi hunyoa kisogo kwa kunyoosha mikono kutoka mbele, wakipapasa. Washonaji hukisia mgongo, ndiyo maana makoti ya mawaziri wetu hukaa vizuri kifuani, na upande wa pili yakafanana na gunia. Magari ya ulinzi hutangulia yote mbele ya gari la kiongozi, na mara mbili yamefika kwenye sherehe na kugundua kwamba kiongozi alikata kona zamani. Wageni wanacheka. Sisi hatujapinduliwa tena, kwa hiyo hatuoni cha kuchekesha.

Mimi naitwa Semkiwa. Nilikuwa mpima katani kiwandani mpaka nilipostaafu. Elimu yangu niliipata katika masomo ya jioni, baada ya kazi, nikiwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Nilianza na herufi, nikafika fizikia ya kidato cha nne. Sura niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya nuru. Najua kwamba nuru husafiri kwa mstari ulionyooka. Siku hizo nilidhani ni jambo ambalo mtu anaweza kulijua bila kupata matatizo.

* * *

Mpwa wangu Singano alikuwa mlinzi wa zahanati ya kilimani. Alipewa rungu, koti la mvua na filimbi. Wezi wa dawa walimjia mara ya kwanza wakachukua dawa. Mara ya pili wakachukua dawa na filimbi. Mara ya tatu walimpiga na rungu lake mwenyewe, akalazwa katika zahanati ileile, ambayo haikuwa na dawa.

Serikali ikasikitika. Ikaamua kwamba walinzi wote wa zahanati nchini wapewe bastola za kujihami.

Bastola zikaja. Ndipo ikagundulika kwamba vilengeo vyake ni vya chuma cheusi. Kwa msomaji asiyejua silaha, kilengeo ni kile kijiti kidogo kilicho juu ya bastola karibu na mdomo wake, pamoja na kipande chenye pengo kilicho nyuma karibu na mshikaji. Mlengaji hukiweka kijiti katikati ya pengo, naye hujua mkono wake umeelekea wapi. Mchana haina taabu. Gizani chuma cheusi hakionekani, na wezi wa dawa hawaji mchana, kwa kuwa mchana kuna foleni.

Dawa yake ipo. Kuna watengenezaji wanaouza vilengeo vya kubadilisha, vyenye vitone vinavyong'aa vyenyewe gizani bila betri, kwa gesi iliyofungiwa ndani ya kioo chembamba. Mlinzi huona vitone vitatu, kimoja mbele na viwili nyuma, akivipanga mstari mmoja amemaliza. Ilibaki kuchagua aina. Katika nchi yetu kuchagua si jambo la mtu mmoja, kwa hiyo ikaundwa Kamati Teule ya Taifa ya Vilengeo vya Usiku vya Bastola za Kujihami, na mwenyekiti wake akawa Waziri wa Utulivu mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Mbogoni. Nami niliteuliwa kuwa Mwakilishi wa Wananchi Waliosoma Jioni.

Niliposikia jina langu redioni nilivaa suti. Sikuwa na pa kwenda, lakini niliivaa.

Singano alikuja kunipongeza, kichwa chake kikiwa bado na bandeji. Alifuatana na mkewe, Mwanaidi, mwanamke asiyemung'unya maneno.

"Shikamoo, mjomba," Singano akasema. "Nimesikia umekuwa mkubwa."

"Marahaba. Mkubwa nilikuwa tangu zamani. Sasa nimetangazwa."

"Mjomba, mimi nina ombi moja tu. Nichagulie kitu nitakachokiona. Wakija tena nisipoona ninapolenga, ama nitampiga mtu asiyehusika, ama watanimaliza mimi."

"Watamaliza hicho kilichobaki," Mwanaidi akasema. "Nusu walishachukua mara ya tatu. Siku hizi hata jina la mama mkwe halikumbuki."

"Hilo nalikumbuka. Silitaji tu."

Tulicheka. Lakini Mwanaidi aliponipa mkono wa kuaga hakuuachia. "Mjomba, nina watoto wawili na huyu ndiye baba yao. Wewe umesoma. Usituchagulie kitu cha kupendeza. Tuchagulie kitu cha kumrudisha nyumbani."

Nikamwambia kwamba mradi mimi nimo ndani ya kamati, asiwe na wasiwasi.

* * *

Vilengeo vya usiku vilijaribiwa saa nne asubuhi, kwa kuwa posho ya mchana haihitaji maelezo. Madirisha ya ukumbi yalifunikwa kwa mablanketi ya hospitali ya rufaa, na wagonjwa wakaombwa kuwa wazalendo kwa muda. Giza likawa zuri. Ulikuwapo pia wakala wa wauzaji, Bwana Tarimbo, kijana mnadhifu aliyelelewa ughaibuni na ambaye sheria zetu alikuwa akizisoma kwenye ndege bila kuzimaliza.

Katibu wa kamati akatukumbusha utaratibu. Mheshimiwa Waziri ndiye atakayeshika bastola. Sisi tutasimama mbele yake, tutazame, tuseme tumeona nini.

"Mbele yake?" Bwana Tarimbo akauliza. "Mbele ya mdomo wa bastola?"

"Wewe ulitaka tusimame wapi?" Katibu akamwuliza kwa upole sana, na watu wawili waliokuwa mlangoni wakasogea.

Tukasimama mbele. Tuliambiwa bastola haina risasi, na aliyetuambia alikuwa amesimama kando. Waziri akaielekeza kwetu, akatupitisha mmoja mmoja polepole, kama mtu anayechagua nazi.

"Sampuli ya kwanza," akasema. "Ah! Hii inapendeza. Vitone vitatu vya kijani, safi kabisa. Mnaonaje?"

Hatukuona kitu. Na tungeonaje? Vitone vile vilikuwa vimetengenezwa vimtazame mshikaji. Kwetu sisi kulikuwa na giza tu, na ndani yake tundu la mtutu, ambalo nililihisi zaidi kuliko kuliona.

"Mheshimiwa, hakuna kitu," akasema mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama wa Taifa.

"Hakuna?"

"Hakuna kabisa, Mheshimiwa. Ila tunakuamini."

Sampuli ya pili ilikuwa na kitone kikubwa cha rangi ya chungwa mbele, na kipande cha nyuma kikiwa cheusi kitupu, ili jicho lisihangaike. Waziri akaisifu. Sisi tukaona giza lilelile. Waziri akashusha mkono. Sauti yake ilibadilika, na ndipo aliposema maneno yaliyochapishwa baadaye katika vitabu vya shule.

"Ndugu zangu, mimi naviona, ninyi hamvioni. Hili ni jambo la hatari. Kitu anachokiona kiongozi peke yake kinaitwa ndoto. Kesho mkaguzi wa hesabu atasema Waziri alinunua ndoto kwa fedha za umma. Mimi nataka kitu cha uwazi. Tarimbo, una nini kingine?"

"Hakuna kingine, Mheshimiwa. Kuna hiki, lakini hiki si cha kuuza. Kiliharibika kiwandani. Fundi aliviweka vioo kinyume, vikatazama mbele. Nimekibeba kuwaonyesha wateja jinsi tunavyokagua makosa."

"Kifunge."

Kikafungwa. Waziri akainua mkono, na palepale gizani vikawaka vitone vitatu vya kijani, vizuri kama macho ya paka, vikitutazama sote kwa usawa. Watu wakapiga makofi. Mama wa Umoja akapiga kigelegele.

"Mimi sasa sioni kitu," akasema Waziri kwa furaha, "lakini ninyi mnaona. Huo ndio uongozi!"

Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako. Nuru husafiri kwa mstari ulionyooka. Kilengeo ni cha anayelenga. Hivi vinamwakia anayelengwa. Mlinzi atakuwa kipofu, na mwizi atajua hasa pa kumpiga."

"Mzee Semkiwa, unapendekeza vitone vitazame upande gani?"

"Upande wa kitako, Mheshimiwa."

"Kitako cha nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikangoja wamalize. "Cha bastola. Naomba kamati ijaribu tena sampuli ya kwanza, lakini safari hii tusimame..."

Nikakoma. Nilisikia viatu vya wale watu wawili wa mlangoni vikisogea.

"Endelea, Mzee," akasema Waziri. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemkaribisha mgeni kiti. "Msimame wapi?"

"...mbali kidogo," nikasema.

"Ahsante. Mzee wetu ana hofu ya mwizi, na ni haki yake. Lakini hajatafakari kwa kina. Ni nani anayelengwa na bastola ya serikali? Ni mwananchi. Mwizi naye ni mwananchi mpaka atakapohukumiwa. Je, mwananchi hana haki ya kujua kwamba analengwa? Katika nchi nyingine watu hulengwa gizani, kwa siri, bila taarifa. Hapa tunasema hapana! Hapa kila atakayelengwa ataona kwa macho yake kwamba serikali yake inamwangalia."

Mjumbe mmoja aliuliza kama walinzi hawangeweza kupewa tochi. Akajibiwa kwamba tochi ni suala la Wizara ya Nishati.

Tulipiga kura. Nilinyoosha mkono wa kupinga, na Katibu akaeleza kwamba gizani mikono haihesabiki, kwa hiyo uamuzi umepita kwa kauli moja. Kiwanda kule ughaibuni kilipopata barua kiliomba muda, kwa sababu kosa lile lilikuwa limetokea mara moja tu na mafundi hawakukumbuka jinsi walivyokosea. Wizara ikawapa muda, na ikaongeza sharti: nuru ya vitone ikuzwe ionekane hata ng'ambo ya bonde.

* * *

Singano aliletewa bastola yake kwa bendi ya tarumbeta. Kanuni zilisomwa mbele ya watu: mlinzi awe nayo mkononi muda wote wa giza, asiiweke kiunoni, na mdomo wake uelekee mjini, ili wananchi waone matunda ya kodi yao.

Kesho yake alasiri wakaja kwangu wote wawili. Tukaingia stoo, tukafunga mlango, tukaziba ufa kwa gunia. Singano akatoa risasi zote, akanikabidhi. Mwanaidi akasimama mbele ya mumewe.

"Naviona," akasema. "Kama uko sokoni na taa ya karabai. Hata shavu lako naliona. Wewe je?"

"Sioni kitu."

"Mkono wako unauona?"

"Sioni mkono, sioni bastola. Nakuona wewe, umekuwa kijani."

Mwanaidi akafungua mlango. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mjomba, hukuwamo ndani ya kamati?"

"Nilikuwamo."

"Ukasema?"

"Nilisema karibu yote."

Hakuuliza yaliyobaki ni yapi. Habari za kata ya jirani zilikuwa zimeshatufikia. Mlinzi wao, mtu mwenye watoto watano aliyetangulia kupewa bastola, alipigwa jiwe la teo lililopita hasa palipo na kitone cha kati, likaendelea mpaka kwenye jicho. Wizara ilitoa taarifa kwamba vilengeo vimeonyesha ufanisi, kwa kuwa vilionekana.

"Mimi sirudi kule na hii," Singano akasema.

"Usiporudi ni utoro," nikamwambia. "Utoro ukiwa na silaha ya serikali ni miaka saba."

Aligeuza bastola mkononi. Akaweka kidole kwenye kile kijiti. "Mjomba, hivi si vimechomekwa tu kwenye mfereji? Vinatoka. Kwani vikitoka, havirudi vikiwa vimegeuka?"

Vilirudi vikiwa vimegeuka. Kazi ilimchukua muda mfupi, kwa nyundo, msumari na kipande cha ngozi ya kiatu ili asikwaruze chuma. Tulipofunga mlango tena, Mwanaidi akasema kutoka mbele, "Giza." Singano akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu apigwe kichwani. "Naviona! Vitatu. Mjomba, njoo uone!"

Nikapiga hatua moja kumwendea. Kisha nikakumbuka kwamba alikuwa ameshika chombo cha dola, na kwamba njia ya kuviona ni moja. Nikasema nitaviona siku nyingine.

* * *

Wezi walikuja juma lile lile. Walitazama kilimani wasione vitone, wakadhani mlinzi amelala au amekimbia. Walipofika mlango wa stoo ya dawa, sauti ikawaambia kutoka gizani: "Simameni hapo hapo. Nawaona, nanyi hamnioni." Waliacha nyundo, wakaacha gunia, mmoja akaacha viatu. Hakuna risasi iliyopigwa. Watoto wa kata nzima walipata dawa ya malaria mwezi ule.

Singano alikamatwa siku ya tatu.

Mkaguzi wa Mwangaza, ambaye hukagua kwa darubini akiwa baa ng'ambo ya bonde, alikuwa ameandika kwamba kilima cha zahanati hakiwaki. Wakaja watu wa Wizara. Wakasimama mbele ya bastola, wakathibitisha. Kosa likaitwa Kuzima Nuru ya Dola, na adhabu yake ni kifungo cha maisha, bila nafasi ya msamaha, kwa sababu anayesamehe huwa hamwoni aliye gizani.

Mahakama ilijaa. Mwanaidi alikaa mstari wa mbele, watoto wake wawili wakiwa magotini, mmoja kila goti. Hakimu, Bi Zaituni Kapalata, alikuwa mama makini mwenye miwani, ambaye kiti chake kilikuwa kimejengewa ndani ya ukuta. Mapazia yakafungwa, na kizibiti kikakabidhiwa mshtakiwa bila risasi.

"Mshtakiwa, elekeza kwenye Mahakama," akasema Hakimu. Akasubiri. "Mahakama haioni kitu."

"Mheshimiwa, vinawaka. Mimi naviona."

"Mshtakiwa ana masilahi katika macho yake," mwendesha mashtaka akasema. "Ushahidi wake haukubaliki. Tunahitaji mtu asiyehusika ambaye ameviona vitone hivyo vikiwaka."

"Yupo mtu kama huyo?" Hakimu akauliza.

Kila mtu ukumbini alielewa ni wapi ambapo mtu kama huyo angepaswa kusimama. Nilisikia mtoto mmoja wa Mwanaidi akiuliza kama baba anakuja nyumbani leo.

Hakimu akafungua kinywa kusoma hukumu. Mimi nikasimama.

"Mzee, kaa," mtu akaninong'oneza, akanishika koti. Ilikuwa ile suti yangu. Nikamwacha na kifungo kimoja.

Nilipapasa viti mpaka nikafika kizimbani. Nikakiona kivuli cha mpwa wangu. Nikapita bega lake la kulia. Nikaendelea. Watu wote walisikia viatu vyangu vikizunguka, kisha vikakoma.

"Mzee Semkiwa," akasema Hakimu, na nadhani sauti yake ilikuwa ya huruma, "uko wapi?"

"Niko nyuma yake, Mheshimiwa. Naviona. Ni vitatu, vya kijani. Kimoja cha mbele, viwili vya nyuma, na mkono wa kijana huyu hautetemeki hata kidogo."

* * *

Hukumu ilikuwa ya haki, na nitaitetea popote. Hakimu alisema kwamba shahidi ni mtu mzima, msomi, na maneno yake hayana shaka. Kwa kuwa hayana shaka, vitone vilikuwa vinawaka, na mshtakiwa hakuzima nuru ya dola. Singano akaachiwa huru. Na kwa kuwa maneno hayo hayana shaka, shahidi alisimama nyuma ya mtu mwenye chombo cha dola, tena mbele ya mashahidi mia moja ambao hawakumwona. Nikapewa miaka miwili.

Ningeipokea kwa furaha kama mambo yangeishia hapo. Lakini nuru ilikuwa imegeuzwa, na nuru ya dola hurudishwa ilikokuwa. Fundi wa Wizara aliviondoa vilengeo palepale, akavirudisha vikitazama mbele, akavichomelea kwa moto. Kisha Singano akapewa bastola yake na kuamriwa arudi lindoni jioni ileile, kwa kuwa mtu huru hana sababu ya kukosa kazi.

Mwanaidi alikuja kunitazama nilipokuwa nikipandishwa gari. Alisema, "Ahsante, mjomba." Alisema hivyo tu, na aliposema alikuwa anatazama kilimani.

Gereza letu lina dirisha linaloelekea ng'ambo ya bonde. Mwenzangu wa chumbani aliitwa Bwana Kaniki, mwizi wa dawa wa zamani, mtu wa adabu. Jioni ya kwanza giza lilipoingia, vitone vitatu vilitokea kule juu. Vilitoka mlangoni mwa zahanati vikaenda kwenye tangi la maji, vikarudi mlangoni, vikaenda tena. Huo ulikuwa mwendo wa Singano. Aliuzoea tangu siku za rungu.

"Wakati wetu ilikuwa kazi ngumu sana," Bwana Kaniki akasema, akija dirishani. "Unalala kwenye majani jioni nzima, hujui mlinzi yuko wapi. Unaumwa na siafu. Siku hizi, babu, hata wewe unajua."

"Wewe ungefanyaje?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeombwa ushauri wa kazi. "Ningesubiri afike kwenye tangi. Pale anageuka."

Nikawa nakaa dirishani kila jioni. Mlango, tangi, mlango. Mradi vilitembea, nilijua kwamba kuna nyumba ambayo asubuhi baba ataingia. Niliomba ruhusa ya kumwandikia Waziri, nikanyimwa karatasi. Niliomba ruhusa ya kumwandikia Singano abadilishe mwendo, nikaambiwa mwendo upo kwenye kanuni.

Jioni moja vilifika kwenye tangi, vikageuka, vikasimama.

Kisha vikashuka kwa ghafla mpaka karibu kabisa na ardhi, vikabaki hapo. Bwana Kaniki alikuja akasimama kando yangu, akavua kofia. Askari wa zamu naye alichungulia kwenye kitundu cha mlango, akatupa macho mpaka dirishani, akasema kwa wema, "Amekaa kupumzika, Mzee. Naye ni binadamu."

"Singano hakai kazini," nikasema.

Tukangoja. Baada ya muda vikainuka. Nilishika nondo kwa mikono miwili. Viliyumba kidogo, kwa mwendo ambao haukuwa wa Singano, vikaenda moja kwa moja mpaka mlango wa stoo ya dawa, vikakaa pale kwa muda mrefu. Kisha vikaanza kuteremka kilima upande wa mtoni, ambako hakuna nyumba ya mtu ninayemfahamu, vikienda kwa haraka, vikituelekea. Mji mzima uliviona, vyote vitatu, vizuri kabisa.